Makala ya Goma

Mama aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa aliniuliza natafuta nini katika soko la Virunga, mvua ikinyesha namna ile, tena sina hata mfuko wa kubebea. Nikamwambia nimetoka Kigoma, Tanzania, na kwamba naandika makala. Akanitazama, akageuka kuyatazama magunia yaliyopangwa nyuma yake chini ya turubai, kisha akanirudia.

"Papa, makala haiandikwaka," akasema. "Makala inabebwaka."

Katika Kiswahili cha Goma makala ni mkaa. Kijana wake, motari aliyeegesha pikipiki kando yetu kungoja mvua ipungue, ndiye aliyemweleza kwamba kule Tanzania neno hilo ni maandishi ya gazetini. Mama hakucheka. Alifikiri kidogo, akaniagiza: basi uandike kwanza bei. Gunia moja siku ile, katikati ya Aprili 2022, lilikuwa faranga 40,000, yaani kama dola 20. Nikaandika. Akaniambia nisiishie hapo, niandike pia jinsi bei inavyopanda njiani, maana kule linakochomwa, milimani Masisi, gunia hilo hilo halifiki nusu yake.

Tukahesabu pamoja. Kuna mwenye miti na kuna mchomaji. Kuna pikipiki ya kulishusha gunia kutoka kilimani hadi mahali gari linapoweza kufika. Kuna lori la kuja Sake na kutoka Sake hadi mjini, kuna chukudu ya mbao ya kulileta sokoni, kuna ushuru wa soko. Na katikati ya hayo yote kuna vizuizi: kamba iliyovutwa kukatiza njia au mwanzi uliolazwa juu ya mapipa mawili, na pembeni mtu mwenye bunduki, au mwenye kitabu cha risiti, au mwenye vyote viwili. Mama alianza kuvihesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, akaacha. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walivihesabu katika Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini, wakafikia 798.

Nilikuwa nimekuja Goma na swali nililokua nalo. Sisi wa Kigoma tunaitwa watu wa mwisho wa reli. Reli yenyewe ilitufikia mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo kila kitu kizuri kilikuwa kinakuja, kiko njiani, kitafika. Siku nilipofunga safari, mji wetu ulikuwa bado unawashwa na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru. Mtoto aliyekulia huko hujifunza mapema kwamba nchi moja inaweza kuwa na saa mbili tofauti. Nilitaka kuuona mji ambao reli haikuufikia kabisa. Na kwa Goma, jambo la saa si mfano wa maneno: Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na umbali kati yao ukiruka kama ndege ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa gari hakuna njia ya kuaminika. Wakati huo mtu wa Goma mwenye kesi, cheti au ombi linalohitaji saini ya waziri alipanda ndege, na asiye na nauli alingoja.

Niliingia kwa miguu kutoka Gisenyi, kupitia Petite Barrière, Kizuizi Kidogo. Rwanda ilikuwa imefungua mipaka yake ya nchi kavu tarehe 7 Machi, baada ya miaka miwili ya korona, na njia ilikuwa imeanza kujaa tena. Kabla ya maradhi hayo walipita hapo makumi ya maelfu ya watu kila siku. Wengi ni wanawake: nyanya kichwani, vitunguu mgongoni, mtoto kifuani. Wako pia wenye ulemavu wa miguu, juu ya baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa upya mpaka zinabeba mizigo ambayo wawili wazima wangeiogopa. Wiki moja kabla, tarehe 8 Aprili, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ametia saini jijini Nairobi mkataba wa kuiingiza Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilimuuliza mwenzangu wa foleni, muuza maziwa, kama amesikia. Amesikia. Alitaka kujua kama wale jamaa wa karatasi za kuvukia nao wamesikia.

Lami ya Gisenyi inakufikisha mpaka mlangoni. Ukishapita, mtaa wa Birere unakupokea na kiatu chako kinakutana na jiwe la volkano, jeusi, lenye matundu, kali kama vigae vya chupa. Nadhani hakuna aliyeuelewa mji huu bila kwanza kuumizwa unyayo na ardhi yake. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulitapika mwaka 1977. Ukatapika tena tarehe 17 Januari 2002, moto wa mawe ukashuka ukapita katikati ya mji, ukafunika eneo la biashara na sehemu ya njia ya kurukia ndege, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila nyumba. Hawakuhama. Walingoja jiwe lipoe, wakapanda juu yake na nyundo, wakavunja, wakajenga upya kwa jiwe lile lile lililowaunguzia nyumba. Ndiyo maana kuta nyingi za Goma ni nyeusi. Na ndiyo maana nyumba za maskini ni za mbao: jiwe gumu halichimbiki kirahisi kupata msingi, na mbao hubebeka mlima ukianza kunguruma.

Nilikwenda Buhene, kaskazini mwa mji, mahali moto wa tarehe 22 Mei 2021 ulipokomea, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ulikuwa unakaribia kutimiza mwaka. Lile jiwe lilikuwa bado linatoa mvuke mvua ikilipiga. Juu yake watu walikuwa wamekwisha kuchora mipaka ya viwanja vyao kwa vijiwe vidogo vilivyopangwa mistari, kila familia ikikumbuka mlango ulikuwa wapi. Mzee mmoja alinionyesha sebule yake. Tulisimama juu ya dari ya sebule hiyo, sijui kama mita mbili juu ya viti vyake. Siku ile hakuwa ameletewa msaada wowote wa kujenga. Aliniuliza kama Kigoma kuna kazi ya useremala.

Kutoka Buhene nilishuka na motari, yule mtoto wa mama wa makala, ambaye alikwisha kuamua kwamba mimi ni mgeni wa nyumba yao. Kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji akapunguza mwendo ili nione vizuri sanamu ya chukudu, yenye rangi ya dhahabu, iliyosimamishwa mwaka 2009. Chukudu ni pikipiki ya mbao isiyo na injini wala pedali: ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa vipande vya tairi, usukani kama pembe za ng'ombe. Zilizaliwa Kivu Kaskazini miaka ya 1970. Kwenye mteremko mwendeshaji hupanda, na kwenye mwinuko huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Nilihesabu magunia sita ya viazi juu ya mojawapo, na mtu juu ya viazi.

Wageni huipiga picha sana, na naelewa kwa nini, ni kitu kizuri machoni. Ila mimi nilikaa muda mrefu kando ya mzunguko ule nikizitazama zile za mbao halisi zikipita chini ya ile ya dhahabu, na nilichoona ni hesabu. Nchi yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, yenye kobalti na shaba kuliko zote barani, inabeba chakula cha mji wake mkubwa wa mashariki kwa goti la kijana. Akinunua chukudu yake kwa jasho lake, akiitengeneza mwenyewe, akilipa ushuru wake, serikali inampa sanamu.

Bandari ya nchi ni Matadi, upande wa Atlantiki. Kwa Goma, Matadi ni jina la kwenye ramani tu. Sukari, saruji, mabati, betri, mafuta ya kula, vyote hivyo hupanda kutoka Mombasa au Dar es Salaam, vikapita Kampala au Kigali, vikaingia kwa mlango wa nyuma ambao kwa hakika ndio mlango pekee. Kilichokwenda Kinshasa wakati huo kilikwenda kwa ndege: maharage, viazi, nyama, na jibini ya Masisi iliyoumbwa mviringo kama gurudumu dogo. Muuza jibini mmoja wa Birere aliniambia kwamba nauli ya jibini kwenda Kinshasa anaijua kwa kila kilo, lakini yeye mwenyewe hajawahi kufika. Jibini yake imeuona mji mkuu, yeye bado.

Wakati huo kulikuwa na barabara moja ya Goma yenye ofisi ambazo kutoka nje hukuweza kujua ni za nini. Malango ya chuma, walinzi, ua wa saruji safi. Hizo zilikuwa nyumba za wanunuzi wa madini. Koltani inachimbwa Rubaya, milimani Masisi, kama kilomita 60 hivi kutoka mjini, kwa sululu, kwa mikono, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba eneo hilo peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Wakati huo mchimbaji aliishusha mgongoni ndani ya mfuko wa kilo 50, pikipiki iliichukua, mfuko ulipigwa lebo, ulifika Goma, koltani ilisafishwa na kupimwa, na kutoka hapo ilipita mpaka kwenda viwanda vya Asia. Tantali hiyo imo ndani ya simu unayoisomea maneno haya, au ya jirani yako.

Nilimtafuta mtu wa kunieleza fedha zake zinakwenda wapi, nikaelekezwa kwa mzee aliyestaafu utumishi wa jimbo. Alinipokea barazani kwake Katindo, akamwita mjukuu alete viti, halafu akaleta Katiba. Kijitabu cha mwaka 2006, kilichoachana gamba, kimeshikwa na mpira. Alikuwa hahitaji kukifungua, lakini alikifungua, akaweka kidole kwenye kifungu cha 175 na kuniacha nisome: asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inashikwa palepale yanapokusanywa. Neno lenyewe la Kifaransa linasema kwenye chanzo. Akafungua kifungu cha 181: hazina ya kusawazisha, asilimia 10 ya mapato yote ya nchi, kwa ajili ya kujenga majimbo yaliyobaki nyuma. Kisha akakifunga.

"Mwanangu, hapa imeandikwa vizuri," akasema. "Tatizo si maandishi."

Tatizo, akaeleza, ni kwamba hakuna kinachoshikwa kwenye chanzo. Ushuru wa forodha wa mpakani na kodi za makampuni hukusanywa na idara za serikali kuu na kupanda mpaka Kinshasa. Huko hukaa. Kisha sehemu fulani, kwa wakati fulani, hurudishwa jimboni, na sehemu hiyo hailingani na ile asilimia 40. Yeye mwenyewe katika kazi yake aliandika barua nyingi za kukumbusha. "Unaomba chako kwa barua, na barua inakwenda kwa ndege, na nauli ya barua unailipa wewe." Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nyumbani.

Ilikuja sheria nyingine mwaka 2018, ya madini. Hiyo ilipanga mrabaha ugawanywe tangu mwanzo: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa serikali za mitaa kule kule machimboni, na asilimia 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Mwishoni mwa mwaka huo koltani ikatangazwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukawekwa asilimia 10. Kwa maandishi, basi, kijiji kilicho juu ya koltani kingepaswa kuwa na zahanati yenye dawa. Nilimuuliza mzee kama amewahi kufika Rubaya siku za karibuni. Akanyamaza. Akasema njia ni mbaya.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukijia.

Siku iliyofuata nilikwenda Sake. Ni kilomita 25 tu magharibi mwa Goma, kwenye kichwa cha ziwa, mahali milima ya Masisi inapoanza kupanda. Wakati huo barabara ilikuwa wazi, malori ya viazi na mkaa yakishuka kwa foleni. Milima ile ni ya kijani ambayo macho ya mtu wa Kigoma hayakuizoea, malisho juu ya malisho, ng'ombe wakubwa, mifereji ya maji inayong'aa. Ukiambiwa hapo pana njaa utabisha. Nilikaa kwenye kibanda cha mama mmoja aliyeshuka na viazi kutoka juu, alfajiri, kwa mguu mpaka barabarani. Nikaanza kumweleza yale niliyofundishwa na mzee wa Katindo, kwamba Kinshasa inakula na Kivu inabeba. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kinshasa miye siijue," akasema. "Kinshasa yetu siye ni Goma."

Akanihesabia, naye kwa vidole. Mashamba makubwa ya ng'ombe kule kwao wenyewe wako Goma. Wanunuzi wa koltani wako Goma. Wanunuzi wa viazi hupanga bei Goma, na wakulima hupewa bei hiyo kama hali ya hewa. Mtoto akiugua sana apelekwe Goma, akifaulu shule aende Goma, na akishafika harudi. Hata mashirika ya misaada yanayosema yanafanya kazi Masisi, magari yao hulala Goma. Shule ya kijijini kwao ilikuwa ya miti na majani, na walimu wawili kati ya sita ndio waliokuwa kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Wengine walilipwa na wazazi, kwa viazi.

Nilirudi mjini jioni nikiwa nimetulia. Pikipiki ilipita Himbi, kando ya ziwa, na safari hii niliyaangalia yale majumba kwa macho ya mama wa Sake: ghorofa tatu, vioo vya rangi ya samawati, bustani zinazoshuka mpaka majini, magati ya boti. Mengi yalipanda katika miaka ambayo huko milimani watu walikuwa wanakimbia. Vita vya 1996 na vya 1998, bei ya koltani iliyoruka mwaka 2000, kisha walinda amani wa Umoja wa Mataifa na mashirika yenye uwezo wa kulipa kodi ya nyumba kwa dola, kila kimoja kiliongeza ghorofa. Wenye nyumba hizo wako walioteseka, walioporwa mara mbili, waliozika. Sitaki kuwahukumu wote kwa kupita mbele ya malango yao. Lakini mrabaha wa barabara ya Masisi haukupotelea Kinshasa peke yake, na mzee wa Katindo aliponyamaza pale barazani, nadhani ndicho alichokuwa anakinyamazia.

Hata cheo cha mji huu ni kipya. Goma ilikuwa mji mdogo wa mapumziko ya ziwani, na makao makuu ya Kivu nzima yalikuwa Bukavu, mpaka mwaka 1988 jimbo lilipogawanywa matatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Goma ikapata gavana na ofisi zake. Miaka sita baadaye, Julai 1994, karibu watu milioni moja waliingia kutoka Rwanda ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwenye jiwe hili hili lisilochimbika kaburi. Watu wa Butembo, mji mwingine wa jimbo hili, kaskazini, wanasema waliacha kungoja ofisi yoyote: wafanyabiashara wao walikwenda wenyewe mpaka Dubai na China, wakajichangia barabara na umeme. Nawaheshimu sana. Ila mji kujijengea barabara ilhali unalipa kodi ni kulipa nauli mara mbili, na walioko Masisi hawana hata ya kwanza.

Jioni ya mwisho mama wa makala alinialika kula. Alikuwa ameandaa bugali, sombe, na sambaza wa kukaanga. Nilipoonja wale samaki nikaacha kula nikamwambia: hawa ni ndugu zangu. Ni kweli. Sambaza hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika, ziwa letu, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakakubali maji mapya, wakazaana. Mama alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akanipakulia tena, akasema basi wewe si mgeni, wakwenu walitutangulia kutulisha.

Baada ya chakula mtoto wake mdogo wa kike, kama miaka kumi hivi, alichukua kidumu cha manjano cha lita 20 akatoka. Nikafuatana naye na kaka yake mpaka Kituku, ufukweni. Goma haina mto. Jiwe linanyonya mvua yote, visima havichimbiki, na mabomba ya maji hutegemea pampu zinazotegemea umeme. Hivyo mji wa watu wengi kiasi hiki, juu ya ukingo wa ziwa lenye kina cha karibu mita 480, huchota maji kwa vidumu. Giza lilikuwa limeingia. Wavuvi walikuwa wanasukuma mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, taa mbele, wakiimba ili makasia yaende sawa.

Upande wa kushoto taa za Gisenyi zilikuwa zinaanza kuwaka, mstari mrefu usiokatika. Chini ya maji yale yale kuna gesi ya methani iliyoyeyuka, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt, kule Karongi upande wa Rwanda, unaifyonza na kuzalisha megawati 26. Upande wa Kongo ilikuwa haijatoa hata taa moja. Goma ilikuwa na umeme wa kugawana kutoka mto Ruzizi, ikapata nafuu Hifadhi ya Virunga ilipojenga mtambo wake Matebe mwaka 2015, na mwaka 2020 kampuni ya vijana wa Kikongo ikawasha mtambo wa jua Ndosho. Wenye uwezo walikuwa wanaunganishwa. Wengine walibaki na makala.

Nikamkumbuka mzee wa Katindo, maana alinisimulia kuhusu Inga. Mabwawa mawili kwenye mto Kongo, karibu na Atlantiki, la 1972 na la 1982, na waya uliojengwa kutoka huko mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waliuchagua umeme wa mkondo mmoja, wa namna isiyochoteka kirahisi njiani. Vijiji vilivyokuwa chini ya nguzo hizo vimeishi miaka 40 vikiusikia ukivuma juu ya mapaa. Hiyo ndiyo ramani ya nchi, alisema: waya unajua unakotoka na unakokwenda, katikati haujui mtu.

Yule mtoto alijaza kidumu, akakiinua kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, namna wanavyobeba wanawake wa milimani. Nilimwomba nimsaidie. Akakataa, akasema mgeni habebi. Njiani kaka yake alinionya nisikanyage bonde fulani dogo lenye nyasi zilizonyauka: mazuku. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, hukaa mabondeni na kuua mbuzi, mbwa, na watoto wanaoinama kucheza. Wataalamu wa volkano duniani kote wamelichukua neno hilo hilo la Kiswahili kwenye vitabu vyao. Na hilo nalo Goma imelitoa.

Niliondoka. Miezi miwili baadaye, Juni 2022, waasi wa M23 waliichukua Bunagana. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema wanaungwa mkono na Rwanda, nayo Kigali inakana. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yakafika Sake, barabara ile ya malori ya viazi ikakatika, na mama wa makala akaniletea ujumbe kupitia kwa kijana wake kwamba gunia limekaribia bei maradufu. Nikaandika. Aprili mwaka huo Rubaya ikaangukia mikononi mwa waasi, na koltani ikaanza kulipia ushuru kwa mwingine. Mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia Goma yenyewe. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa.

Kijana alinipigia mwezi Machi kutoka Gisenyi. Alikuwa amevuka kwa miguu, kupitia Kizuizi Kidogo, ili achukue fedha ambazo ndugu yao wa Lubumbashi aliwatumia kwa simu. Alisema walikuwa wengi kwenye foleni, walimu, wauguzi, wajane, kila mtu amevuka nchi kwenda kuchukua chake. Pikipiki ilikuwa nzima. Mdogo wake bado anachota maji. Mama yuko, ameketi pale pale, na amemwagiza asikate simu kabla hajanipa bei. Akaitaja kwa dola, maana noti za faranga zilizobaki mjini zimechakaa mpaka wauzaji wanazikataa, na mpya haziletwi. Nilikuwa na daftari lile la 2022 mezani. Nikaiandika chini ya ile ya soko la Virunga, nikamsomea ili ahakikishe, akasema ndiyo, ni hiyo, lakini kwa leo asubuhi.